Picha ya ubongo ikitoka safi, mgonjwa bado hajasikilizwa

Kuna kauli nimeisikia mno hapa Moshi, kwenye mabenchi ya hospitali na hata kwenye vikao vya ukoo: "Picha imetoka safi, kwa hiyo hana kitu." Anayesemwa huwa ni kijana mwenye kifafa, mama aliyezama kwenye sonona, au mzee anayerudia swali lilelile tangu asubuhi. Ndugu wamechangishana, kipimo kimelipiwa, na kwa kuwa majibu hayakutaja uvimbe wala damu, mgonjwa anageuka mtuhumiwa. Ama anajifanya, ama karogwa. Kauli hiyo inanikera kwa sababu inaumiza watu, na inatokana na kuibebesha picha kazi isiyo yake.

Kazi yake halisi ni kubwa, tusiidharau. Tangu mgonjwa wa kwanza apigwe picha ya ubongo kwa mashine ya CT, inayotumia eksirei kuonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, jijini London mwaka 1971, madaktari wameacha kukisia mengi yaliyomo ndani ya fuvu. Mgonjwa wa kiharusi huwezi kumtazama tu ukajua kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inayoweza kumwokoa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Huku kwetu kwenye kitimoto kila kona, picha huonyesha pia vifuko vya lava, yaani minyoo michanga, wa tegu ya nguruwe vilivyojikita kwenye ubongo, na hivyo ni chanzo kimojawapo cha kifafa kinachoweza kuzuilika. (Mayai ya tegu huyo huingia mwilini kupitia mikono, maji au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo, kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe anaweza kuugua.)

Yote hayo ni mambo yenye umbo. Akili inavyofanya kazi ni habari nyingine. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na wagonjwa wake wengi picha zao za CT hazionyeshi kasoro yoyote. Sonona nayo hutambuliwa kwa kuzungumza na mgonjwa, wala hakuna doa kwenye filamu la kuithibitisha.

Ipo pia MRI, mashine inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku, na aina yake moja ndiyo inayotuletea picha zenye madoa mekundu na ya njano, na maelezo kwamba hapa ndipo upendo unapokaa, pale ndipo woga. Msingi wake uliwekwa mwaka 1990, pale Seiji Ogawa na wenzake nchini Marekani walipoonyesha kwamba mashine inaweza kutofautisha damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi, damu hukimbilia huko, na mkondo huo hufika kileleni sekunde kama tano baadaye, wakati wazo lenyewe limeshapita. Kila kipunje cha picha hiyo hubeba seli za neva kwa malaki, katika ubongo wenye seli hizo takriban bilioni 86. Rangi huwekwa na kompyuta baada ya hesabu za kulinganisha hali moja na nyingine. Na sehemu ileile inayowaka mtu akiogopa huwaka pia akifurahi au akishtushwa na kitu kigeni, kwa hiyo kuona imewaka hakukuambii anahisi nini.

Je, basi haina maana kwa anayetaka kuielewa akili? Ina maana kubwa, pale mtu anapoijia na swali zuri. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kwenye ajali ya barabarani. Miezi mitano baadaye alikuwa hatoi ishara yoyote kwamba anajitambua. Walimlaza kwenye mashine wakamwambia afikirie anacheza tenisi, kisha afikirie anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Ubongo wake ulijibu kama wa watu wazima wa afya, kwenye sehemu zilezile. Kumtazama tu kitandani kusingetueleza kwamba yumo humo ndani, anasikia. Nikiisoma habari hiyo nasisimka. Lakini angalieni walichofanya: walimsemesha. Bila maneno yale, picha ileile isingetuambia lolote juu yake.

Na hapa jirani tu, wilayani Hai, watafiti waliofanya kazi na wazee walitengeneza kipimo kifupi cha kumbukumbu kinachomfaa hata asiyejua kusoma, kiitwacho IDEA. Vifaa vyake ni maswali na njiti za kiberiti. Mama yangu mdogo wa Kiboriloni alikuwa ameshapigwa picha, majibu yakasema ubongo umesinyaa kidogo kulingana na umri. Watoto wake wakashusha pumzi, wakaanza kumgombeza kwa uvivu. Baadaye muuguzi mmoja alimwomba ataje wanyama wote anaowakumbuka ndani ya dakika moja. Akasema ng'ombe, mbuzi, kuku, ng'ombe tena, akanyamaza. Alipopangiwa njiti aigize umbo, alizishika moja moja, akazilaza sambamba mezani. Yeye aliyefuma vitambaa vya makochi ya nusu ya mtaa! Wanawe waliona kwa macho yao kile ambacho filamu haikukieleza, na kugombeza kukaisha siku hiyohiyo.

Nataka mashine ziongezeke kanda hii, na bei ishuke. Nataka pia muda wa kumhoji mgonjwa uheshimiwe na ulipiwe kama kipimo, kwa sababu ni kipimo. Na ndugu mnaopewa bahasha kubwa ya filamu, kabla hamjatoka chumbani mwulizeni daktari: picha hii ilikuwa inatafuta nini? Na yale isiyoweza kuyaona, tutayapima vipi, na nani atayapima?