Fundi hatafuti "mvutano wa uzi"

Juzi nimepokea tena barua pepe ya aina ileile: viungo 500 (links, yaani tovuti nyingine kuielekeza yako) kutoka tovuti "zenye nguvu", ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya siku 30, uhakika. Nilikasirika, na sababu ninayo. Miaka mitatu iliyopita niliwaamini watu wa namna hii. Nililipa, nikasubiri, kisha nikaona tovuti yangu ya ukarabati wa cherehani imeunganishwa na kurasa za kamari na vidonge vya kupunguza uzito. Wasomaji hawakuongezeka hata kidogo. Fedha ile ingelipia hifadhi ya tovuti kwa muda mrefu.

Viungo vina kazi yake, sikatai. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipoeleza mfumo wao wa kutafuta wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1998, msingi ulikuwa huo: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi zinazoaminika huenda nao una thamani. Ila watu walianza kuuziana imani hiyo, na tangu Aprili 2012, Google ilipotoa badiliko la upangaji wa matokeo lililoitwa Penguin, biashara hiyo imekuwa ikiandamwa. Toka 2016 viungo vingi vya namna hiyo vinapuuzwa tu. Yaani unalipia kitu ambacho mashine inakiruka kana kwamba hakipo. Anayekuuzia analijua hilo, na ndiyo maana inaniuma.

Kilichoinua tovuti yangu nilikuwa nacho siku zote, bure, ndani ya Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti. Kuna orodha pale ya maneno ambayo watu waliandika kabla ya ukurasa wako kutokea mbele yao. Mimi niliifungua kila wiki kuangalia mchoro unapanda au unashuka, nikaifunga. Siku moja nikakaa na orodha yenyewe, mstari kwa mstari.

Nilikuwa na makala ndefu yenye kichwa "Matatizo ya mvutano wa uzi na namna ya kuyatatua". Niliipenda. Hakuna aliyeitafuta, kwa sababu hakuna fundi anayesema hivyo. Kwenye orodha watu wameandika "cherehani inaruka". "Cherehani inakata uzi". "Uzi unajikusanya chini ya kitambaa". Ukurasa wangu ulikuwa unatokea kwa "cherehani inaruka" katika nafasi ya 17, kwa kuwa tu nilikuwa nimeligusa neno hilo mara moja, kwenye aya ya mwisho. Nafasi ya 17 ni sawa na kutokuwepo. Mtu mwenye kazi ya mteja mezani hafungui ukurasa wa pili.

Nikaivunja makala ile. Ukurasa mmoja kwa shida moja, na kichwa kikawa maneno ya fundi mwenyewe: "Cherehani inaruka mshono? Anza na sindano". Jibu likaja sentensi ya kwanza: zima mashine, toa sindano, iviringishe juu ya kitu bapa uone kama imepinda, kisha weka mpya, uisukume hadi mwisho na upande wake bapa uelekee inakotakiwa. Mambo ya mafuta na historia ya mashine yakaenda chini kwa anayeyataka. Ule wa uzi kujikusanya chini nao nikaufungua kwa jambo ambalo wengi hulikosea: wanahangaika na bobini ya uzi wa chini, wakati mara nyingi kosa liko juu. Inua kile kiguu kinachobana kitambaa, toa uzi wote wa juu, uupitishe upya.

Ilichukua kama miezi miwili. Ukurasa wa sindano sasa unakaa kati ya nafasi ya 3 na ya 5, na sikununua kiungo hata kimoja. Baadaye viungo vilikuja vyenyewe, vichache, kutoka kwa watu wanaoshona.

Naumia ninapoona wenzangu wenye tovuti ndogo wakiandika kama wanafanya mtihani. Tunajua mada zetu kuliko yeyote, halafu tunaketi kuandika na ghafla tunaongea kama kitabu cha maelekezo kilichotafsiriwa. Msomaji anatafuta kwa lugha aliyomlalamikia nayo jirani dakika tano zilizopita. Asipoikuta hiyo lugha kwako, si yeye wala Google aliyekosea.

Mengine nayapitia haraka. Habari kwamba makala lazima ifike maneno 2000 ni uzushi; Google wamesema mara nyingi kwamba hawahesabu maneno. Ile sehemu iliyofichwa ya "keywords" (maneno muhimu) ndani ya msimbo wa ukurasa waliacha kuitumia zamani, na mwaka 2009 walitangaza wazi. Kasi ina maana: punguza picha zako, kitu kikubwa zaidi kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Na unganisha kurasa zako zenyewe kwa zenyewe, wengi tunasahau.

Kuna mahali nakubali kwa shingo upande. Tovuti kubwa zilizoandika juujuu bado zinatutangulia kwenye maneno mapana, na toka Mei 2024 Google walipoanza kuweka majibu ya akili bandia juu ya matokeo, wapo wanaopata jibu bila kubofya. Hilo linaumiza, na kuandika vizuri peke yake hakuliondoi. Lakini "cherehani" peke yake sikuwahi kuihitaji. Namhitaji yule ambaye yake inaruka usiku huu, na yeye anataka picha ya sindano iliyopinda, iliyopigwa na mtu aliyeitoa kwa mkono wake. Desemba 2022 Google waliongeza uzoefu wa mwandishi katika mwongozo wa wakaguzi wao wa ubora, watu wanaopima matokeo ya utafutaji. Ukaguzi huo hauipandishi tovuti moja kwa moja, ila unaonyesha wanataka matokeo yaelekee wapi, na huko sisi wadogo tulishafika.

Ile barua ya viungo 500 nimeifuta. Halafu nimerudi kwenye orodha, na mstari wa 14 unasema "cherehani nzito kukanyaga". Ukurasa huo sina. Picha za mkanda na sehemu za kutia mafuta nimeshapiga asubuhi, naanza kuuandika leo.