Daftari Limebaki Juu ya Friji: Umkimbilie Mtoto au Umwache?

Jumatano moja ya muhula uliopita, saa 12:40 asubuhi, mwanangu wa darasa la nne alikuwa ameshatoka na wenzake kuelekea kituoni. Nikageuka, nikaliona daftari lake la Hisabati juu ya friji. Usiku alilifanyia kazi mezani, dada yake akaliondoa ili apange sahani, basi likalala hukohuko. Nilibaki nimelishika. Kituo kiko mwendo wa dakika nane. Nimkimbilie, au nimwache aende bila?

Mzazi yeyote wa Dar es Salaam anaijua asubuhi hiyo. Mtoto kaamka saa 11 macho hayajafunguka, maji yamekatika, sare haijakauka vizuri, mmoja yuko bafuni na mwingine anagonga mlango. Katikati ya hayo yote mama anapiga kelele: umechukua fagio? Soksi ziko wapi? Hela ya uji je?

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, hana mjadala. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," huniambia, "sasa wewe kila siku unauzuia ulimwengu mlangoni." Hoja yake ina uzito. Mtoto anayekumbushwa kila kitu hana sababu ya kukumbuka chochote, maana kazi hiyo ina mwenyewe. Na ushahidi uko mtaani kwetu. Jirani yangu anayeuza vitumbua anatoka nyumbani alfajiri, na wanawe wawili wanajiandaa wenyewe, wanafunga mlango, wanaondoka. Hakuna anayewauliza habari za daftari. Sijawahi kumwona mmoja wao akirudi mbio kufuata kitu.

Lakini upande wa pili nao una neno, na mimi naona wengi wetu tunaupita haraka mno. Kukumbuka jambo la kufanya baadaye si sawa na kukumbuka shairi. Mtoto anaweza kukutajia kikosi kizima cha Simba au Yanga bila kukosea, kisha akasahau sweta alilolivua dakika tano zilizopita. Si kiburi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapoingia miaka ya ishirini na kitu. Halafu kuna usingizi: wataalamu wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Anayeamka saa 11 alfajiri alipaswa awe amelala kufikia saa 2 usiku. Nyumba ngapi huku kwetu zinawahi hivyo, na foleni ya jioni hii tunayoijua?

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hayo. Ushauri wa kumwacha mtoto aonje matokeo ya usahaulifu wake unachukulia kwamba matokeo hayo ni madogo: ataona aibu kidogo, ataazima kalamu, kesho atakuwa makini. Kwetu mara nyingi matokeo ni fimbo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na tukio liandikwe kitabuni. Kusahau daftari si kosa kubwa kwa tafsiri yoyote ile. Hata hivyo waulize watoto wa mtaani kwako, kisha uwasikilize. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi bado. Kwa hiyo ninapoamua kumwacha mwanangu "afunzwe na ulimwengu", sharti nijue ulimwengu wenyewe una nini mkononi. Mtoto aliyechapwa kwa daftari hujifunza kuliogopa somo, na safari nyingine atasema daftari limeibiwa.

Hapo ndipo nisipokubaliana na shangazi. Wale watoto wa jirani nao ninawaonea huruma kidogo: wamejifunza, ndiyo, lakini hatujui bei waliyolipa kabla hawajajua.

Asubuhi ile nilikimbia. Nilimkuta kituoni katikati ya kundi la wanafunzi, makondakta wakiwapita kwa sababu nauli yao ni ndogo. Nikampa daftari. Alilipokea kwa mkono mmoja, akalitia kwenye begi, akaendelea na mazungumzo. Hakushtuka hata kidogo. Nimeifikiria sana sura ile njiani wakati narudi. Kwake, miguu yangu ilikuwa sehemu ya begi lake. Shangazi alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa. Tulitofautiana kwenye dawa.

Tulichobadilisha hakikuwa kikubwa. Begi sasa linafungwa usiku, kabla ya kulala, na linalala mlangoni, maana saa 12 asubuhi si saa ya kumfundisha mtu lolote. Ratiba ya vipindi ameiandika mwenyewe, ameibandika ukutani, anaisoma mwenyewe. Mimi siulizi tena "umechukua daftari la Hisabati?", kwa sababu swali hilo lina jibu lake ndani. Nauliza, "Kesho una nini?" kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu.

Jambo la pili lilinipeleka shuleni. Nilimwomba mwalimu wake wa darasa kwamba mwanangu akisahau daftari, aandike kwenye karatasi, kisha jioni anakili kazi yote daftarini. Mwalimu ana darasa lililojaa, angeweza kunifukuza, lakini alikubali. Mwanangu amenakili mara mbili, moja ikiwa siku ya mechi ya mtaani. Alilia. Nilikaa naye mezani mpaka akamaliza, sikumsaidia hata mstari.

Watoto hawafanani. Yupo anayesahau hata vitu anavyovipenda, nyumbani na shuleni, siku zote. Huyo asichapwe wala asiachwe, apelekwe akaonwe na mtaalamu.

Wa kwangu bado husahau. Wiki iliyopita aliacha fagio, nami nililiona mapema kabisa, akiwa bado kwenye kona. Nililiacha pale pale. Akaazima kwa mwenzake, akawa wa mwisho kufagia eneo lake. Angeacha nauli au dawa yake ya pumu, ningekimbia na ndala zangu mpaka kituoni, na shangazi aseme atakavyo.