Mwalimu Anayependwa Asiyefundisha

Agosti 2012, BBC Three ya Uingereza ilianza kurusha Bad Education, vichekesho vilivyobuniwa na Jack Whitehall, ambaye pia ndiye mhusika mkuu. Anaigiza Alfie Wickers, kijana wa familia yenye uwezo anayefundisha historia Abbey Grove, shule ya kubuni huko Hertfordshire. Somo lake halijui vizuri. Andalio la somo hana. Saa ya somo ikianza, darasa linageuka uwanja wa michezo.

Rafiki yangu mwalimu, aliye bado kazini, hataki hata kukisikia kipindi hicho cha televisheni. Anasema kazi ya ualimu imedharauliwa vya kutosha, haihitaji televisheni iongeze. Namwelewa. Wiki chache tu kabla ya kipindi hicho kuanza, serikali ya Uingereza iliziruhusu shule za akademia, yaani shule za umma zinazojiendesha zenyewe, kuajiri walimu wasio na sifa rasmi za ualimu. Kwa mwalimu aliyesota chuoni, kumwona Alfie akishangiliwa muda huohuo lazima kuliuma.

Lakini ukimtazama Alfie peke yake utawakosa watoto, na hapo ndipo kipindi kilipo na moyo. Rem Dogg anatumia kiti cha magurudumu, na hakuna anayemhurumia. Ana maneno makali kama mwingine yeyote pale. Anayemwigiza, Jack Binstead, mwenyewe ana maradhi ya mifupa inayovunjika kwa urahisi. Stephen, kijana shoga apendaye kucheza na kuimba, hajifichi, na darasa ni lake kama lilivyo la wenzake. Joe, mnyonge wa darasa, anaye mtu mzima wa kumkimbilia. Walimu wangapi wenye vyeti safi wanawajua wanafunzi wao kwa kiasi hicho?

Kinachonisumbua ni kingine. Katika msimu wa kwanza, anayetaka kazi ifanyike ni naibu mkuu, Bi Pickwell, naye amefanywa adui wa kila mtu. Rosie Gulliver, mwalimu wa baiolojia, ni mpole na anaijua kazi yake, ila hadithi inamtumia zaidi kama mwanamke anayepapatikiwa na Alfie. Kwa hiyo mtazamaji anabaki na picha mbili: mjuzi ni mkali, mzembe ndiye mwenye upendo. Picha hiyo si ya kweli, na anayeilipia ni mtoto. Alfie akiharibu, kwao kuna fedha. Mtoto wa Abbey Grove akifeli, cha kumshika hana.

Hili nalisema kwa sababu nimelifanya. Mwaka wangu wa kwanza niliingia darasa la sita bila maandalizi, mada ikiwa Vita vya Majimaji. Nikapiga hadithi, nikatia chumvi, watoto wakacheka mpaka kengele ikalia. Nilitoka nikijiona mwalimu hodari. Kwenye jaribio, binti wa dawati la pili aliandika utani wangu kama jibu, kwa mwandiko safi, akiwa amepiga mstari chini kwa rula. Nilipomwekea kosa alikuja na karatasi yake mezani.

"Mwalimu, si ndivyo ulivyosema?"

Nilimpa alama yake. Kesho yake nikaifundisha mada ile upya, darasa zima.