Nimempandisha shangazi boti ya viungo, na hadi leo sijatulia

Kosa ni langu mwenyewe. Shangazi alikuja Uholanzi kunitembelea wiki tatu, nami nikataka siku moja ya kumfurahisha, siku ambayo akirudi Pemba ataisimulia barazani mpaka wenzake wachoke. Nikaona tangazo la ziara ya boti kwenye mifereji ya Amsterdam: saa moja na nusu, mada "viungo vya Mashariki", chai ya mdalasini, biskuti, jibini, na kifuko cha zawadi kwa kila abiria. Nikasema hii hii. Mwanamke aliyekulia chini ya mikarafuu karibu na Konde umpeleke wapi pengine? Kwenye boti ya pizza? (Ipo. Ipo ya pizza, ipo ya mvinyo, ipo ya wachumba, na baridi ikiingia ipo ya kutazama taa. Siku mji huu ukiishiwa mada watakuuzia boti ya kutazama boti nyingine.)

Bei ya tiketi siitaji. Shangazi husomewa blogu hii na mjukuu wake.

Nianze na mazuri, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Boti ilikuwa ya umeme, haina kelele wala moshi, inateleza kama samaki. Nahodha alikuwa fundi kweli. Madaraja ya Amsterdam ni ya chini na membamba, na yule bwana aliipitisha boti ndefu ile, yenye paa la vioo, kama mtu anayeingiza uzi kwenye tundu la sindano. Shangazi, ambaye watu wa bahari hawamtishi, alimtazama kwa muda kisha akatoa hukumu: "Huyu kazi yake anaijua." Mifereji nayo haina ubishi. Herengracht, Keizersgracht, Prinsengracht, kazi ya kuichimba ilianza 1613, na mwaka 2010 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jua la saa kumi likipiga zile nyumba nyembamba zilizoinama mbele kidogo, hata mimi niliyezoea hunyamaza.

Mwongozaji alikuwa kijana, mwanafunzi nadhani, mcheshi. Akatoa vichekesho vinavyotolewa na kila mwongozaji wa Amsterdam tangu dunia iumbwe: kwamba mfereji una kina cha mita tatu, moja maji, moja tope, moja baiskeli. Akatuonyesha kulabu zilizochomoza juu kabisa ya kila nyumba, za kuvutia mizigo hadi darini, kwa kuwa ngazi za ndani ni nyembamba mno. Mimi nikimtafsiria shangazi sikioni. Mpaka hapo salama.

Kisha ikaja mada. Kampuni ya India Mashariki ya Waholanzi, akasema, ilianzishwa 1602, ikawa kampuni ya kwanza kubwa duniani kuuza hisa kwa mtu yeyote mwenye fedha zake, "na ndiyo iliyotuletea pilipili manga, mdalasini, kungumanga na karafuu." Iliyotuletea. Nikatafsiri hivyo hivyo: wakaleta karafuu. Shangazi akanigeukia.

"Walizichuma wao?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa nani alichuma?"

Nikainua mkono kama mtoto wa skuli, nikauliza. Kijana akatabasamu: "Wakulima wa huko." Akaendelea na kichekesho cha New York, kwamba Waholanzi waliwapa Waingereza kisiwa cha Manhattan wakapewa kisiwa kidogo cha kungumanga, ha ha, biashara mbaya kuliko zote. Boti nzima ikacheka. (Si hivyo hata kidogo. Kwenye mkataba wa Breda wa 1667 kila mmoja alibaki na alichokwisha kukinyakua. Hakuna aliyekwenda sokoni na Manhattan kwenye kikapu.)

Wakulima wa huko. Neno hilo ndilo lililonikalia kooni, na niruhusuni nilitapike.

Kisiwa hicho cha kichekesho kinaitwa Run, kimoja katika visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, mahali pekee duniani ambapo kungumanga ilikuwa ikiota zama hizo. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa kampuni hiyo, alikwenda Banda na manowari zake kwa sababu wenyeji walikuwa na tabia mbaya ya kumuuzia kungumanga yeyote mwenye bei nzuri. Wazee 44 wa Banda wakakatwakatwa hadharani na askari wa kukodiwa kutoka Japani. Wanahistoria hukadiria kuwa visiwa vile vilikuwa na watu wapatao 15,000. Waliouawa, waliokufa kwa njaa milimani na waliosafirishwa utumwani ukiwaondoa, walibaki elfu moja au pungufu. Ardhi ikakatwa vipande 68, wakapewa Wazungu, na watumwa wakaletwa kutoka visiwa vingine kuja kuchuma. Hao ndio wakulima wa huko.

Na karafuu? Karafuu kwao ni Maluku ya kaskazini, huko huko Indonesia: Ternate, Tidore, Makian. Kampuni ilipoona haiwezi kulinda kila mti, ikaamua miti ibaki Ambon na visiwa jirani tu, mingine yote ife. Sultani wa Ternate akalipwa kila mwaka anyamaze. Wanaume wa Ambon wakalazimishwa kuvuta makasia kwenye mashua ndefu za vita, kundi zima la mashua, zikizunguka kisiwa hadi kisiwa, wakishuka kukata na kuchoma mikarafuu ya watu. Kwa hiyo ziara ya boti yenye mada ya viungo si ubunifu wa vijana wa leo. Ilikuwapo karne ya 17. Badala ya jibini walipewa shoka.

Unajua maana ya kumkatia mtu mkarafuu? Mti ule unapandwa leo, unakaa miaka sita, saba, nane ndipo uanze kukupa kitu, kisha unakulisha wewe, mwanao na mjukuu wako. Pemba watu wamenuniana hadi kaburini kwa mikarafuu mitatu ya urithi. Shangazi mwenyewe ana mti anaouita kwa jina la marehemu mumewe. Nilipomtafsiria habari hii baadaye, tukiwa tumeketi kwenye treni, haya ya Banda aliyasikiliza kwa huzuni ya kawaida, ile ya mtu anayesikia msiba wa mbali. Lakini nilipofika kwenye shoka akaufumba mdomo kwa ncha ya mtandio na hakusema neno mpaka kituo kilichofuata.

Nirudi kwenye boti. Wakati kijana anacheka na Manhattan, tulikuwa tumezungukwa na mada yenyewe, ameipa mgongo. Zile kulabu alizotuonyesha, je, zilivuta nini? Magodoro? Ziko nyumba kwenye mifereji ile ambazo dari zake zilikuwa maghala. Na ghala likijaa sana bei hushuka, hivyo katika karne ya 18 kampuni ilichoma akiba ya viungo hapa hapa Amsterdam, ili tajiri aendelee kulipa bei ya tajiri. Hebu fikiria harufu. Mji mzima unanuka pilau, na hakuna anayekula. Hadithi kama hiyo mwongozaji gani mwenye akili anaiacha?

Tukapita Herengracht nambari 502, jumba lenye nguzo mbele, makazi rasmi ya meya. "Nyumba ya meya," akasema, basi. Jumba lile lilijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, mkurugenzi wa Kampuni ya India Magharibi, mfanyabiashara wa watumwa, na tangu 2006 kuna jiwe la ukumbusho mbele yake linalosema hivyo. Meya mwenyewe, Femke Halsema, aliomba radhi kwa niaba ya mji tarehe 1 Julai 2021. Mfalme akaomba radhi tarehe hiyo hiyo mwaka 2023. Mfalme kasema, meya kasema, jiwe linasema. Aliyebaki na siri ni mwongozaji wa boti.

Tukapita pia Prinsengracht 263, nyumba aliyojificha Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi, asikamatwe na Wanazi. Boti ikanyamaza, sawasawa, ndivyo inavyopasa. Lakini hii ilikuwa boti ya viungo! Otto Frank, baba yake, mbali na biashara ya pektini ya kutengenezea jemu, alikuwa na kampuni ya viungo vya nyama, na ndani ya nyumba ile ile vilisagwa viungo huku juu watu wanane wamejificha nyuma ya kabati la vitabu. Hata hilo hakulijua. Siulizi tena, nikasema, nisiaibike na mzee.

Chai ilikuwa ya kifuko. Hilo nalisamehe.

Najua mtaniandikia nini, maana mmekwisha kuniandikia kwa mambo madogo kuliko haya. Kwamba watu wako likizoni. Kwamba kiti cha mbele yetu walikuwapo maharusi, na hakuna anayelipia fungate ili asomewe orodha ya waliochinjwa Banda. Haya. Nakubali, kwa shingo upande: kuna saa ya kufurahi, na boti ya pizza iachwe iwe ya pizza. Sina ugomvi na pizza. Lakini ukichagua mwenyewe kuuza viungo, ukaandika viungo kwenye tangazo, ukapandisha bei kwa ajili ya viungo, basi historia ya viungo umeiuza pia na fedha yake umepokea. Na wala si kweli kwamba haiwezekani. Jennifer Tosch, Mmarekani mwenye asili ya Suriname, koloni la zamani la Waholanzi kule Amerika ya Kusini, tangu 2013 anawatembeza watu Amsterdam, kwa miguu na kwa boti kwenye mifereji hii hii, akiwaonyesha nyumba za wenye mashamba ya Suriname na vichwa vya Waafrika vilivyochongwa kwenye kuta, ambavyo wengi wetu tunapita chini yake kila siku tukitafuta mahali pa kuegesha baiskeli. Na watu hulipa.

Kuna jambo sikutaka kuliandika, ila dada yangu amesoma rasimu akaniambia nisiwe mnafiki.

Miaka minne iliyopita nilikwenda na wageni wangu shamba moja la viungo Unguja. Tukatembezwa. Tukanusishwa mdalasini, tukapakwa rangi ya mzingefuri midomoni, tukavishwa kofia na tai za makuti, kijana akapanda mnazi huku akiimba ule wimbo wa watalii, tukala pilau, tukanunua sabuni. Saa tatu nzima. Nani alichuma? Hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuuliza. Karafuu zilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa, ambako Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, alikuwa amewatuma watu wake wakaibe miche Maluku, ikawasili Morisi 1770. Ndiyo, mkarafuu wa Pemba ni mjukuu wa magendo, nasema kwa fahari kidogo, na kwa kunong'ona, kwa kuwa tunajua serikali inavyowatazama wanaovusha magunia usiku kwenda upande wa Kenya. Ila waliopanda na kuchuma chini ya Sayyid Said na wanawe walikuwa watumwa, waliotolewa bara, na hali ile ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1897. Ukitaka kusikia habari zao utapelekwa Mkunazini, kanisani, palipokuwa soko. Shambani huambiwi. Pale mtumwa akishauzwa hadithi yake huishia mlangoni, kana kwamba alinunuliwa aende kukaa barazani.

Kwa hiyo kijana wa boti tumekutana njiani, mimi na yeye. Tofauti yetu ni kwamba mimi karafuu zimenisomesha.

Shangazi hakuwa na hasira hata chembe. Alikula jibini la karafuu (Waholanzi wanalo kweli, wa Friesland, wanaliita la misumari), akasema lina harufu ya dawa ya jino, akala kipande cha pili. Tuliposhuka akamshika mkono nahodha, akampuuza mwongozaji.

Usiku nikamkuta mezani jikoni na sinia. Amekimwaga kile kifuko cha zawadi, karafuu zilizofungwa kwa utepe wa dhahabu, anazichambua kwa vidole vile vile vilivyochambua kila msimu tangu skuli ilipokuwa inafungwa watoto wakachume. Hatazami hata mikono yake, anatazama televisheni asiyoielewa. Upande wa kulia karafuu zenye vichwa, kidogo. Upande wa kushoto makonyo, vile vijiti vitupu vya karafuu, lundo.

"Wao huyauza na haya?" akaniuliza.

Nikamwambia wametupa bure, shangazi, ni zawadi.

"Si bure, umelipa." Akayasukuma makonyo upande wangu wa meza. "Kesho yarudishe."