Kiwanda cha meli hakiishi kwa uzinduzi

Nairobi haina bahari wala ziwa, lakini ndiko inakoamuliwa kama Kenya itaunda meli au itaendelea kuzinunua. Kenya Shipyards Limited, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi, ina karakana Kisumu na Mtongwe, Mombasa. Bajeti yake hupita huku, na swali linaloulizwa zaidi ni kama jeshi linafaa kufanya biashara.

Wanaolitetea jeshi wana ushahidi wa kuonyesha. MV Uhuru, iliyotengenezwa Scotland na kuunganishwa Kisumu katika miaka ya 1960, ilikaa gatini miaka mingi bila kazi hadi wanamaji na watu wa reli walipoifufua mwaka 2019. Kisha ikaundwa MV Uhuru II papo hapo Kisumu, kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Urefu wake ni takriban mita 100, na sitaha ina reli, hivyo behewa huingia Kisumu na kutoka Port Bell, Uganda, bila gunia hata moja kushushwa. Nani angeamini hayo miaka kumi iliyopita?

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Hesabu za ulinzi ni ngumu kukaguliwa na raia. Tena Mombasa kuna kampuni binafsi kama Southern Engineering na African Marine, zenye uzoefu mrefu wa kuunda na kukarabati vyombo. Zitashindana vipi na kampuni ambayo mteja wake mkuu ndiye mmiliki wake?

Kwangu mimi, swali zito zaidi ni oda. Fundi wa kuchomelea aliyefuzu kazi ya meli hawezi kungoja miaka mitatu chombo kingine kipatikane. Ataondoka na ujuzi wake. Wakati huohuo, feri za kivuko cha Likoni, Mombasa, tumezitafuta mbali: MV Likoni na MV Kwale Ujerumani mwaka 2010, MV Jambo Uturuki mwaka 2017. Feri ya kivukoni ina tako bapa, mlango kila upande na mwendo wa pole. Boti ya doria ya wanamaji ni kazi nyingine kabisa: bodi nyepesi, injini kali, mitambo chungu nzima. Hakuna shule nzuri ya mafundi kuliko feri, ikifuatwa na matishari ya mafuta ya Ziwa Victoria.

Feri ya kwanza huenda ikazidi bei ya Uturuki. Injini zitaagizwa nje, na viwanda vya Ruiru na Athi River vinatoa nondo na mabati, si mabamba mazito ya meli. Nyongeza hiyo ningeilipa bila kinyongo, mradi gharama ya kila chombo itangazwe na kampuni za Mombasa zipewe sehemu ya kazi. Wabunge waidai ratiba ya oda ya miaka kumi kabla ya kupitisha shilingi nyingine ya karakana.