Barua ya Kupunguziwa Pensheni Ina Maamuzi Matatu, Yapinge Moja Moja

Barua yenyewe huwa fupi. Inasema kwamba katika uhakiki wa kumbukumbu imebainika mstaafu alilipwa zaidi ya anachostahili, kwamba pensheni yake imerekebishwa kuanzia mwezi ujao, na kwamba kilichozidi kitakatwa kidogo kidogo hadi kiishe. Mara nyingi makato yameshaanza siku barua inapofika.

Ndani ya barua hiyo moja kuna maamuzi matatu. La kwanza, hesabu ya zamani ilikosewa. La pili, kuanzia sasa utalipwa kwa hesabu mpya. La tatu, ulichokwisha kula utakirudisha. Mstaafu anayeyapinga yote matatu kwa hoja moja ya "nimeonewa" hujidhoofisha mwenyewe, kwa sababu mfuko wa pensheni ukithibitisha kosa la hesabu, hoja nzima inaanguka. Msimamo wangu ni kwamba katika kesi nyingi za aina hii la pili ni gumu kulipindua, na la tatu ndilo lenye udhaifu mkubwa zaidi kisheria. Na ndilo linaloumiza zaidi.

Tuangalie kwa namba. Kikokotoo cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, huchukua miezi ya utumishi, kuizidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, kisha kugawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa walioangukia kiwango cha asilimia 40 kilichotangazwa kwenye bajeti ya 2024/25, asilimia 40 ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na asilimia 60 hugawanywa kwa 12 kuwa pensheni ya kila mwezi.

Chukua mtumishi mwenye miezi 360 na wastani wa shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Mkupuo wake ni shilingi 37,241,379 na pensheni ya mwezi ni 372,414. Baada ya miezi 18 anaambiwa miaka miwili ya mwanzo alikuwa kibarua, haihesabiki, kwa hiyo miezi yake ni 336. Pensheni inashuka hadi 347,586, yaani pungufu ya 24,828 kwa mwezi, na hilo pengine angelistahimili. Lakini mkupuo nao unahesabiwa upya: 34,758,621. Tofauti ya mkupuo ni 2,482,759, na tofauti ya ile miezi 18 ni kama 446,900. Deni lote linakaribia 2,930,000, na zaidi ya asilimia 80 ya deni hilo ni fedha ya mkupuo iliyokwisha kuingia kwenye bati, saruji na ada za wajukuu. Mfuko ukikata theluthi moja ya pensheni mpya, anabaki na 231,724 kwa mwezi kwa zaidi ya miaka miwili.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kudai kwa maandishi ni mchanganuo: hesabu ya zamani na mpya zikiwa sambamba, miezi, wastani wa mshahara, kiwango cha mkupuo, na nyaraka iliyosababisha mabadiliko. Barua inayotaja jumla ya deni tu haimwezeshi mtu kujitetea. Vyanzo vya kawaida si vingi: utumishi wa kabla ya kuthibitishwa kazini, tarehe ya kuzaliwa inayotofautiana kati ya fomu za ajira na kumbukumbu nyingine, cheo kilichopandishwa mwishoni ambacho mshahara wake haukuidhinishwa, na michango ambayo mwajiri hakuipeleka. Hapo ongeza kumbukumbu za mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF zilizounganishwa PSSSF ilipoanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. Kila chanzo kina ushahidi wake. Mwenye barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo na hati za mshahara za miaka kumi ya mwisho anaweza kubishana. Asiyekuwa nazo aombe kwa mwajiri wake wa mwisho nakala ya faili lake la utumishi mapema, kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Sasa sheria. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa mtu "fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu" pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, lililoripotiwa 2003, Mahakama ya Rufani ilisema haki hiyo si kanuni tu tuliyorithi kutoka sheria za Kiingereza, ni haki ya msingi ya kikatiba. Mahakama hiyo imekwenda mbali zaidi na kusema uamuzi uliofikiwa bila kumsikiliza mhusika hubatilika hata kama angesikilizwa na matokeo yakabaki yale yale. Maneno hayo ni mazito kwa mstaafu. Hata kama kuna kifungu kinachoruhusu mfuko kudai kilichozidi, hakiuruhusu kukata kwanza na kusikiliza baadaye.

Lakini tuseme ukweli kuhusu mipaka ya ushindi huo. Mapitio ya mahakama, yaani kuiomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chombo cha umma, huangalia namna uamuzi ulivyofikiwa. Jaji hakai chini kukukokotolea pensheni. Akibatilisha barua, mfuko unaweza kukuita, ukakusikiliza, na kutoa uamuzi mpya unaofanana na wa kwanza. Ndiyo maana hoja ya utaratibu peke yake haitoshi. Lazima uwe na jibu juu ya fedha yenyewe.

Na hapo mfuko una silaha halali. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema aliyelipwa fedha kwa makosa anapaswa kuirudisha. Mawakili wengi wa wastaafu hukipita kimya, na wanakosea, kwa sababu upande wa pili hautakipita. Kijibu uso kwa uso. Sheria hiyo imetokana na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na kifungu cha 72 cha huko kinasema jambo hilo hilo. Pamoja na hayo, tarehe 18 Desemba 2014, katika shauri la Jimbo la Punjab, Mahakama ya Juu ya India ilitaja hali ambazo mwajiri wa umma hawezi kudai kurudishiwa alichozidisha kulipa kwa kosa lake mwenyewe. Mojawapo ni pale mlipwaji ameshastaafu au amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nyingine ni pale malipo yamedumu zaidi ya miaka mitano kabla ya amri ya kuyadai. Mwaka 2022 mahakama hiyo ilifuta madai dhidi ya mwalimu wa Kerala aliyestaafu 1999. Hoja yao ni ya uadilifu: mtu hakudanganya, hakuficha kitu, alilipwa na ofisi yenye wahasibu, akapanga maisha yake juu ya malipo hayo. Hukumu za India hazizifungi mahakama zetu, lakini husomwa kwa heshima hasa panapokuwa na kifungu kinachofanana, na hapa kipo. Ziambatanishe na kifungu cha 123 cha Sheria ya Ushahidi, kinachomzuia mtu kukana alichomfanya mwenzake aamini na kukitendea kazi.

Tahadhari moja. Mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo ya India ilisema aliyesaini ahadi ya kurudisha chochote kitakachozidi anaweza kubanwa na saini yake. Zisome upya fomu ulizosaini wakati wa kuomba mafao kabla hujamwambia wakili kwamba hukuahidi kitu.

Kesi nyingi nzuri hufia kwenye muda. Kwa kanuni za 2014 za mapitio ya mahakama, kibali kinaombwa Mahakama Kuu ndani ya miezi sita tangu uamuzi, na kikitolewa, maombi yenyewe yanafunguliwa ndani ya siku 14. Mstaafu huandika barua ya kulalamika, anajibiwa baada ya miezi mitatu kwamba suala linafanyiwa kazi, anaandika nyingine, anasubiri. Barua hizo hazisimamishi saa. Miezi sita inahesabiwa tangu uamuzi wa mwanzo, si tangu jibu la mwisho. Ikifika mwezi wa nne bila jibu la maana, mwone wakili. Na katika ombi la kibali omba makato yasimame kwanza.

Njia ya pili ni shauri la kawaida la madai, ukitaka hesabu ichunguzwe na mashahidi wahojiwe. Hapa inatakiwa notisi ya siku 90 chini ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye aunganishwe kwenye shauri. Ukifungua siku ya 85, shauri linaondolewa. Ukimsahau Mwanasheria Mkuu, mwenendo mzima unaharibika. Tangu marekebisho ya 2020 hilo linagusa taasisi za umma pia. Mwenye kosa dogo la siku tano anaanza upya akiwa na umri wa miaka 66, huku makato yakiendelea.

Kwa wasomaji wa Kenya njia ni tofauti kidogo. Kama mfuko wako uko chini ya Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019 kuhusu mfuko wa wafanyakazi wa bandari uko wazi: anzia kwa afisa mkuu mtendaji wa mamlaka hiyo, kisha baraza la rufaa, ndipo mahakama. Na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inawapa kitu ambacho Watanzania tungekifurahia: ofisi ikikataa kutoa sababu, uamuzi wake huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri hadi ithibitishwe vinginevyo. Bunge letu lingeandika kifungu kama hicho kwenye sheria ya mfuko, pamoja na kikomo cha miaka ambayo ofisi inaweza kurudi nyuma kudai kosa lake yenyewe, nusu ya mashauri haya yasingefunguliwa.

Mwisho, angalia orodha ya nafuu unazoomba. Usiishie kwenye kubatilisha barua. Omba urudishiwe kilichokwisha kukatwa pamoja na riba. Omba tamko kwamba mkupuo na pensheni za nyuma hazidaiwi. Halafu omba, kwa njia mbadala, kwamba kama hesabu mpya ni sahihi basi itumike kwa miezi ijayo tu. Hilo la mwisho wengi huliacha wakidhani ni kukiri kosa. Ni ombi halali, na jaji hutoa kile kilichoombwa mbele yake.