Chapo na Seti ya Viti Saba

Mbwa wa aina ya German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili. Lile la ndani hupukutika mwaka mzima, kisha mara mbili kwa mwaka huamua kutoka lote kwa pamoja. Mimi nawafuga hao, na kazi yangu ni kufuma. Nafuma sweta, nafuma shali za watoto wachanga, na zaidi ya yote nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, maana hapa kwetu Limuru kochi lisilo na kitambaa liko uchi na wageni hawatanyamaza. Basi piga hesabu mwenyewe. Sijawahi kumkabidhi mteja kazi isiyo na unywele hata mmoja wa mbwa ndani yake. Wakiuliza, nasema ni wa kuongeza joto.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mtu wa daftari. Alikaa akajumlisha na kutoa, akagundua kwamba pesa yote ya vitambaa huishia kwenye unga, matumbo na chanjo za mbwa, na sisi binadamu wa nyumba hii tunaisikia tu ikipita. "Mbwa wako wanakula vitambaa," huniambia kila mwisho wa mwezi akifunga daftari. Nilikuwa nikimwambia apunguze chumvi.

Kati ya mbwa wote, wa maonyesho ni Chapo. Kwenye cheti chake ana jina la Kijerumani ambalo siwezi kulitamka bila kushika karatasi, lakini alipokuwa mdogo alipanda meza siku ya Krismasi akamaliza chapati za ukoo mzima, na tangu hapo jina likajileta lenyewe.

Sasa, kumwonyesha mbwa si kumtembeza tu. Lazima ajue kusimama: mguu mmoja wa nyuma umeingia chini ya tumbo, mwingine umerudi nyuma, masikio wima, na asitikisike jaji akimzunguka. Hiyo inataka subira, na subira yangu yote iko kwenye vidole. Kwa hiyo nilikuwa nikifunga kamba yake kwenye goti, naye anasimama huku mimi nafuma na kuhesabu vitanzi kwa sauti: moja, mbili, tatu, ruka. Chapo akaelewa kwamba ninapohesabu ni marufuku kusogea, nikinyamaza tumemaliza. Matokeo yake ni kwamba hata ulingoni lazima nihesabu. Watu hudhani ninasali.

Kisha kuna masikio. Kwa German Shepherd kuna desturi ya mtu wa nyumbani kusimama nje ya kamba ya ulingo na kumwita mbwa, ili ainue kichwa na kuvuta kwenda mbele. Wenzangu hutumia mpira, wengine filimbi. Chapo haoni thamani ya mpira. Alikulia kando ya kiondo changu cha kazi tangu alipoacha ziwa, na kitu pekee duniani kinachomwinua masikio ni donge la uzi. Kazi ya mume wangu kwenye maonyesho, pamoja na shahada yake, ni kukimbia kandokando ya kamba akipunga donge la uzi na kuita "Chapo! Chapo!" mbele ya watu aliowafundisha aljebra.

Mwaka huo mweka hazina wa chama chetu cha michango alikuwa na binti wa kuolewa. Akaniagiza vitambaa vya ruracio, ile siku ya mahari kwetu Wakikuyu: seti ya viti saba, migongo na mikono, meza ya katikati, vistuli, hata cha kufunika televisheni. Rangi alichagua mwenyewe, pinki ambayo ukiitazama kisha ukafumba macho bado unaiona. Wazee wa upande wa kijana wangekaa juu ya vitambaa hivyo mchana kutwa wakijadili mbuzi, na kabla ya kufika kwenye mbuzi wangekagua nyumba. Ruracio ilikuwa Jumamosi. Maonyesho ya mbwa, Jumamosi iliyotangulia.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao jua la Limuru huenda likizo. Nilimwogesha Chapo, nikamkausha, nikamchana, na kwa kuwa nje kulikuwa na ukungu na lile tope letu jekundu, nikamlaza sebuleni, pale pale penye kiondo. Nikafuma mpaka vidole vikagoma, nikaenda kulala.

Asubuhi donge moja halipo. Nikamuuliza mtoto, akalia. Nikamuuliza mume wangu, akafungua daftari. Nikamuuliza mama mkwe, akaniambia zamani mbwa alilala nje na uzi ulilala ndani na hakuna kilichokuwa kikipotea. Chapo peke yake hakuulizwa. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mguu mmoja umeingia chini ya tumbo, masikio wima, jinsi ambavyo hajawahi kusimama nyumbani bila kuhesabiwa.

Jirani alitupa lifti katika pikapu yake pamoja na magunia ya viazi, tukashuka Nairobi hadi uwanja wa Jamhuri. Mimi na Chapo nyuma, mume wangu mbele na donge lake la kazi mapajani. Njiani niliendelea kufuma, kwa sababu Jumamosi ya ruracio haikuwa inasogea mbali.

Jaji alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mrefu, mtu wa maneno machache. Akamfunua Chapo midomo ahesabu meno. Mbwa mzima ana meno 42, na majaji wa mbwa hawa huyahesabu kweli. Alifika nyuma kabisa, akasita, akatoa katikati ya magego kitu chembamba cha pinki. Akakitazama kwenye mwanga. Akanitazama mimi. Akakitia mfukoni mwa koti na kuniashiria nikimbie.

Tukakimbia. German Shepherd ni mbwa wa mwendo, uzuri wake wote uko kwenye ile hatua ndefu isiyo na kelele, na siku hiyo Chapo aliteleza juu ya nyasi mpaka mwenyewe nikasikia fahari. Watu wakaanza kupiga mbinja. Wengine wakatoa simu. Nikajisemea, hatimaye Limuru tumeonekana. Nilipopita upande wa mume wangu nikaona ameacha kupunga donge, mkono uko hewani, mdomo wazi.

"Nyuma!" akapaza sauti. "Mama, tazama nyuma!"

Nikageuka. Chini ya mkia wa Chapo uliokuwa umeinama kwa heshima zote, uzi wa pinki ulikuwa unaning'inia, urefu wa mkono wa mtu mzima, ukipepea kwa kila hatua. Kwenye ulingo wa jirani mbwa wadogo wa kuwinda panya walishauona na walikuwa wanawaburura wenye mbwa kuja upande wetu.

Mume wangu hajawahi kuruka kitu tangu astaafu. Aliruka ile kamba. Lengo lake, alinieleza baadaye, lilikuwa kuninusuru na aibu: kuushika uzi, kuuvuta mara moja, kuutia mfukoni na kurudi nje kabla jaji hajaona. Mkono ulikuwa umeshafika.

"Usivute!"

Alikuwa mwanamke katika umati, mwenye mbwa wake na sauti ya kuzoea ng'ombe. Kumbe daktari wa mifugo. Akaja akipasua watu, akatueleza pale pale: uzi unaotoka nyuma ya mbwa huujui umeshikilia wapi huko ndani. Ukiuvuta, utumbo hujikunja juu yake kama rinda linavyokunjamana ukivuta uzi wa kiunoni, na uzi wenyewe unaweza kuukata utumbo. Unakata kinachoning'inia, unaacha kingine, unaenda kliniki.

Mimi nilikuwa na mkasi. Mfumaji gani hana mkasi? Wangu hukaa shingoni kwenye utepe. Nikapiga magoti katikati ya ulingo, jaji akamshika Chapo kichwa, mume wangu akashika mkia, nami bila kufikiri nikaanza: "Moja, mbili, tatu, ruka." Chapo akasimama. Mguu chini ya tumbo, masikio wima, hata unywele hautikisiki. Nikakata. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Darasa letu lilikuwa na mbwa watatu. Tulikuwa wa pili, maana yule wa tatu alikataa katakata kuhesabiwa meno. Maoni ya jaji aliyaandika kwa mkono: mwendo mzuri, tabia tulivu sana, mkia unabebwa vizuri.

Kliniki tulikaa hadi jioni. Nilidhani watapiga eksirei na kutuonyesha donge, lakini daktari akasema uzi wenyewe kwa kawaida hauonekani kwenye picha, kinachotafutwa ni utumbo uliojikusanya. Wa Chapo haukuwa umejikusanya. Wakamminya tumbo, wakampitisha kwenye mashine nyingine, wakatuambia tuangalie kama atatapika au atakataa chakula, tukiona hivyo tumrudishe hata kama ni usiku wa manane, afanyiwe upasuaji. Daktari hajamaliza sentensi hiyo, mgonjwa akampokonya mume wangu samosa.

Baada ya hapo nilimfuata Chapo shambani kila alikokwenda, tochi mkono mmoja, glavu mkono mwingine. Uzi ukatoka wenyewe, kwa awamu, nyuma ya kabeji. Akriliki haimeng'enywi, na nikwambie pia haichuji rangi. Mume wangu alisimama juu yake kwa muda mrefu.

"Huu hauoshiki?" akauliza.

"Kwa Jik hutoka kila kitu," akasema mama mkwe, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikauchoma. Lakini duka lilikuwa limemaliza pinki ile, na kitambaa cha mgongo wa kiti cha saba kilikuwa bado. Nikakifuma kwa kijani kibichi, maua yale yale, nikapeleka seti nikiwa na maneno tayari kwamba siku hizi ndiyo mtindo. Mweka hazina akafurahi. Akatandika.

Usiku wa kuamkia ruracio simu ikalia.

"Mama, habari za jioni," akasema, kwa ile sauti anayotumia mtu akikawiza mchango. "Nimetumiwa video kwenye kikundi cha WhatsApp. Ya mbwa."

"Mbwa ni wengi," nikasema.

"Huyu anahesabiwa moja, mbili, tatu, ruka." Kimya. "Na ile rangi naijua. Imetandikwa hapa mbele yangu. Niambie tu ukweli, mwenzangu. Hivi vitambaa vyangu vimepitia wapi?"

Nikamwapia kwa jina la Mungu na la marehemu mama yangu kwamba kilichopita huko kimechomwa, na hivyo alivyo navyo vimetoka mikononi mwangu tu. Akasema ananiamini. Kuniamini haikuwa shida, shida ni kwamba video haikuwa imekuja kwake peke yake.

Kesho yake nilikuwa jikoni na wanachama wenzangu tukipakua, na kutoka dirishani nikawaona wazee wa upande wa kijana wakiingia, makoti safi, fimbo mkononi. Wakafika sebuleni. Wakaona pinki. Wakatazamana. Mmoja akasema yeye mgongo unamsumbua, angependelea kusimama. Wa pili naye, mgongo. Karibuni mketi, wakaambiwa. Wakashukuru sana, wakabaki wima. Kiti chenye kitambaa cha kijani kikaanza kugombaniwa kwa adabu zote za Kikuyu: "Keti wewe mzee." "Hapana, wewe ndiye mkubwa." "Mimi? Mimi nimezaliwa juzi." Mwishowe akakipata msemaji wao, akakalia ukingo wa mbele bila kuegemea.

Mazungumzo ya mbuzi, ambayo huenda mpaka giza liingie, yaliisha kabla chai haijapoa. Wazee wa upande wa binti walikuwa bado wanasafisha koo kuanza kudai, wenzao wakasema sawa, tumekubali, watoto wapendane, wakaomba ruhusa ya kutoka nje kupunga upepo. Mwenye nyumba alibaki na orodha ndefu mkononi ambayo hakupata nafasi ya kuifikia hata nusu.

Mweka hazina anadai nimemkosesha mbuzi. Pesa ya vitambaa amenilipa nusu, na nusu iliyobaki, amesema, nikamdai Chapo.